Udongo Mwekundu Mdomoni mwa Chungu

Kwao Gem, huko magharibi karibu na ziwa, mwanamume hafungui chungu alichokiziba mke wake. Boaz alilijua hilo tangu hajaanza kuchunga mbuzi. Hata mzee mwenye wake wanne na ng'ombe wa kujaza bonde hatii mkono katika ghala la mwanamke. Akitaka chakula anaomba, akinyimwa anatoka nje kwenda kununa. Lakini Boaz alikuwa amekaa Ruiru miaka, alikuwa dereva wa trekta katika shamba la kahawa, alivaa kofia yake ya kaki hata akiwa ndani anakula, na mambo ya ghala la mke aliyaona ni ushamba. Basi akafungua. Tena si chungu kimoja, alifungua vyote vitatu.

Selpha, mkewe, aligundua Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka wa hamsini na tano, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi. Alirudi kutoka Thika na kikapu cha omena kichwani, dagaa wa ziwa la kwao, wa kukaa mwezi mzima, aliowanunua kwa mwanamke wa kwao karibu na stesheni, kwa sababu ukinunua kidogo kidogo duka la shamba bei ni ya kukunyonya damu. Chungu kidogo cha matumizi ya kila siku kilikuwa kimeisha. Akaona sasa ni wakati wa kufungua kikubwa cha kwanza. Akaenda kwenye kona, nyuma ya pazia, akainua gunia lililofunika vyungu vyake, na akabaki amesimama na lile gunia mkononi.

Yeye alizoea kuziba chungu kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokandwa na majivu. Kikikauka huwa cha kijivu, kigumu, hakipitishi hata pumzi. Mdomoni mwa vyungu vyake sasa kulikuwa na udongo mwekundu. Ulikuwa udongo wa njiani, uleule unaowavua watu viatu pale Ruiru mwezi wa nne, nao ulikuwa umepakwa kwa mkono mzito, ungali na alama za vidole. Pembeni ulikuwa umekauka ukapasuka, na katikati ulikuwa bado mbichi. Selpha alivitambua vidole vile vinene. Alikuwa amevipikia tangu alipoolewa.

Sasa lazima ijulikane vyungu vile vilikuwa na nini ndani, mbali na maharagwe.

Mwaka uliotangulia nyumba ile ilikuwa imeliwa na duka la shamba. Shamba lilimpa Boaz posho ya unga kila Jumamosi, posho ya mtu mmoja, kana kwamba mke na watoto wawili wanakula hewa. Kitoweo unajitafutia. Ukifika mwezi wa tano, maharagwe yakiwa adimu, mwenye duka hupandisha bei mpaka mtu anajiuliza kama anauziwa maharagwe au shanga. Watu wa laini, yaani wote waliokaa katika vile vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa safu, walichukua kwa mkopo, na mshahara ukaishia palepale dukani kabla haujaonekana nyumbani. Boaz alichoka. Mwezi wa kumi na mbili kaka yake mkubwa, Jeconia, fundi wa boila katika kiwanda cha mkonge huko Thika, alipokuja kuwatembelea, Boaz alilitoa jambo hilo mbele yake kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

"Mke ni wa kukaa nyumbani Gem," alisema. "Huku hata mchicha unanunuliwa. Nampa nafasi moja. Chakula kikifika Julai, wakati wa mavuno mapya, bila mimi kwenda kumwinamia mwenye duka, atakaa huku. Kikiisha kabla, anapanda treni na watoto, na mimi nitakwenda kuwaona Krismasi."

Jeconia alijikuna kidevu akasema sawa. Selpha naye alisema sawa, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kitu kingine.

Alisema sawa lakini moyo ulimwaka. Treni ile aliijua. Miaka ya kwanza ya ndoa yake aliishi Gem peke yake, mke wa mtu anayekuja kama mgeni, na huko ndiko alikomzika mtoto wake wa kwanza. Boaz alifika udongo umeshakauka juu ya kaburi, amebeba mkate na sukari. Selpha hakumlaumu kwa mdomo. Ila aliapa kwamba hataachwa tena mahali ambapo akimwita mume haitiki, na Aoko, binti aliyemfuata yule aliyekufa, hatakua akimjua baba yake kwa picha. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya vyungu. Mtu akivigusa alikuwa amemgusa yeye.

Basi mwezi wa pili, maharagwe yakiwa yamefurika sokoni, Selpha alifunga safari za Thika. Pesa yake ya kuchuma kahawa alikuwa ameificha tangu mwisho wa mwaka, hakununua hata leso. Aliungana na jirani yake Wakonyo, mjane mtu mzima aliyefanya kazi kwenye zizi la ng'ombe wa shamba. Wakonyo alikuwa Mkikuyu, na wakati ule wa Imajensi, yaani hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, Mkikuyu hakutoka shambani bila pasi, na nani angempa pasi ya kwenda kununua maharagwe? Kwa hiyo Selpha alinunua kwa ajili ya nyumba mbili na kubeba kwa ajili ya nyumba mbili, debe moja kila safari, na Wakonyo akalipa kwa kutoa magunia ya kuanikia na kinyesi kibichi cha ng'ombe, ambacho watu wa laini hawakukipata hivihivi.

Sokoni hakununua asubuhi. Asubuhi muuzaji ana kiburi. Alizunguka mpaka mchana, wauzaji wa kutoka Ukambani walipoanza kutazama mawingu na kufikiria basi la kurudi. Ndipo alipomwendea Kiilu, Mkamba mmoja mcheshi, akatia mkono ndani ya gunia mpaka begani, kupapasa chini kama kuna joto au unyevu, kisha akatoa punje ya chini kabisa akaiuma. Meno yakiacha alama, maharagwe hayajakauka. Yakiruka na kulia ka, hayo ni ya kuweka.

"Mama, hayo ni maharagwe, si mchumba," Kiilu alimwambia. "Mbona unayachunguza hivyo?"

"Mchumba sikumchunguza," Selpha akajibu. "Ndiyo maana nachunguza maharagwe."

Kiilu alicheka mpaka akamwongezea kombe zima la kupimia juu ya debe.

Nyumbani aliyaanika tena, juani, juu ya magunia ya Wakonyo. Alipepeta. Alichekecha majivu yaliyopoa, akayachanganya na maharagwe, akajaza vyungu mpaka shingoni ili wadudu wasipate pa kupumulia, akafunika kwa vigae na kuziba. Alitumia vyungu vitatu, si pipa moja, kwa sababu kila chungu kilikuwa cha mwezi mmoja mgumu. Ukifungua kimoja, vingine vinaendelea kulala. Boaz aliyaona yote hayo akiwa amekaa kitandani anachokonoa meno.

"Mke wangu amefungua duka la majivu," aliwaambia wenzake, na wenzake wakacheka, na Selpha akasikia akanyamaza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sasa Jumamosi hii amesimama na gunia mkononi, anatazama alama za vidole. Alikaa kitandani. Hakugusa kitu mpaka Boaz alipoingia, kofia kichwani, akiuliza chai.

"Nani amefungua vyungu?"

"Vyungu gani?"

"Boaz."

Boaz alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata mbele ya uji wa moto. "Nilichota kidogo," alisema. "Kidogo tu, tena kwa akili. Nilichota juu juu katika kila kimoja, usije ukaona pengo."

"Lini?"

"Jumatatu. Ulikuwa unapalilia. Yako kwenye gunia, banda la trekta." Akapata moyo, akaendelea. "Kesho watu wa ukoo wanakutana hapa, baada ya kanisa. Niliwaambia kwangu hakuna njaa. Niliwaambia mke wangu ni hodari, ana maharagwe ya kufika Julai wakati wake zao wanaombaomba mkopo dukani. Walinipigia makofi. Sasa ningewapa uji?"

Selpha alihesabu moyoni. Mtu huyu alimcheka mbele ya wenzake kwa ajili ya vyungu. Kisha akaenda kujipiga kifua kwa vyungu vilevile. Kisha akaja kuviiba. Alikuwa amemla mara tatu kwa mdomo mmoja, na sasa anataka chai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," Selpha alisema. "Na hata ungechukua kwa nguvu, ungemaliza chungu kimoja chote, ukala, ukanyoosha miguu yako, mimi ningebaki na viwili. Lakini wewe umeiba kwa adabu, ukavifungua vyote vitatu."

Alichukua mwiko akapasua ule udongo. Matope mabichi yalikuwa yamedondoka ndani, juu ya maharagwe, na unyevu wa mvua ya wiki nzima ulikuwa umeingia pumzi kwa pumzi kupitia ile mipasuko. Maharagwe ya juu yalikuwa yamevimba, mengine yameota mikia myeupe, na ukungu umeyashika pamoja. Alitia mkono chini. Kulikuwa na joto. Alipoutoa, fukusi wawili walikuwa wanapanda juu ya kifundo cha mkono wake, hawana haraka, kama wenye nyumba. Chungu cha pili kilikuwa hivyohivyo. Cha tatu kilinuka.

Boaz alichungulia. Kama angeishia hapo huenda hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alivaa tena kofia yake.

"Sasa kama hakitafika Julai," alisema akitazama mlangoni, "si tulikubaliana mbele ya Jeconia?"

Selpha alimtazama. Alitaka kumpiga na mwiko. Alitaka kumwaga vyungu vyote mlangoni, katika mvua, laini nzima ione. Badala yake aliinuka, akamtelekea chai, akampa, na Boaz, maskini wa akili, akadhani yameisha.

Jioni Wakonyo alikuja na karai lake wakachambua pamoja karibu na jiko. Walitenga yaliyooza, walitenga yaliyotobolewa, na yaliyobaki mazima hayakujaza hata chungu kimoja. Wakonyo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mkono wake ulizidi kurusha maharagwe kwa nguvu.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Kwetu mwanamume akila kilichowekwa anaitwa jina ambalo siwezi kulitaja mbele ya Aoko."

"Litaje tu. Aoko amelala."

Wakonyo alilitaja, kwa Kikuyu, na Selpha akacheka kicheko kikavu kisichokuwa na furaha.

"Na wewe utafanya nini?" Wakonyo aliuliza. "Ukinyamaza utapanda treni. Mimi nilinyamaza mambo mengi, mama Aoko, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru."

"Yale ya banda la trekta nitayapika yote."

"Yote?"

"Aliyataka. Atayaona mezani."

Siku ya Pasaka mvua ilipumzika. Watu wa ukoo walifika baada ya ibada, wamechana nywele, viatu mkononi kwa ajili ya matope, na mbele yao Jeconia na koti lake la suti lililombana kwapa. Wengine walitoka Thika, wengine Ruiru stesheni, na kijana mmoja, Odhiambo, alitoka shamba la jirani, mtu wa kula mpaka sufuria iombe msamaha. Waliketi kitandani, juu ya masanduku na juu ya gogo mlangoni. Boaz alikuwa juu ya kiti pekee chenye mgongo. Alisema sana siku hiyo. Alisema habari za trekta, za bwana shamba aliyempa mkono, na kila mara alirudi palepale: kwake hakuna njaa.

Selpha alileta maharagwe katika karai kubwa, yamepikwa kwa mafuta na vitunguu, yananukia, na ugali milima miwili. Aliwanawisha mikono mmoja mmoja. Jeconia aliomba baraka, ndefu, kwa kuwa alikuwa mkubwa. Mikono ikaenda kwenye ugali. Kwa kawaida hapo mwanamke hutoka akawaacha wanaume wale. Selpha hakutoka.

"Karibuni," alisema. "Ila nataka mjue mnachokula."

"Mama Aoko," Boaz alisema upesi, "chumvi."

"Chumvi ipo." Akamgeukia kaka mkubwa wa mumewe. "Shemeji Jeconia, ulikuwepo mwezi wa kumi na mbili. Ulisikia kwamba chakula kikiisha kabla ya Julai mimi napanda treni na watoto. Chakula chenyewe ndicho hicho mbele yenu. Mume wangu alikichota vyunguni nikiwa shambani, hakuniuliza, na kilichobaki kimeoza kwa matope aliyozibia. Jana ameniambia tulikubaliana. Basi kuleni, mshibe vizuri. Mkimaliza mtanibebea mizigo mpaka stesheni. Mtakuwa na nguvu."

Mikono ilikuwa njiani, mingine imeshika tonge, mingine imechovya. Odhiambo peke yake alikuwa amewahi. Mashavu yalikuwa yamejaa, na sasa hakujua ameze au ateme, macho yakamtoka akimtazama huyu na huyu apate ruhusa. Mwisho alimeza, na ule mlio wa kumeza ulisikika chumba kizima.

Jeconia alitazama tonge lililokuwa mkononi mwake. "Boaz, ni kweli?"

"Huyu mwanamke ana maneno mengi, ninyi mnajua wanawake..."

"Nimekuuliza ni kweli au si kweli."

"Nilichota kidogo," Boaz alisema.

Jeconia alirudisha tonge ukingoni mwa sahani, taratibu. "Lete maji ninawe," alimwambia Selpha. Alinawa, akajifutia kwenye koti lake zuri, akamgeukia ndugu yake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Umetuita tuje kula maharagwe," alisema, "kumbe ulikuwa unatulisha mke wako."

Wengine nao wakanyoosha mikono, mmoja mmoja, wanawishwe. Boaz aliinuka mpaka kile kiti kikaanguka.

"Umeniaibisha mbele ya watu wa kwetu," alimwambia mkewe.

"Uliponisifu mbele yao sikuwepo," Selpha alisema. "Leo nipo."

"Na wewe shemeji una mdomo," Jeconia alimkemea, kwa maana alikuwa na njaa na hasira zake hazikuchagua mtu. "Ungeniita pembeni ukanieleza. Mtu haambiwi mambo hivi mkono ukiwa kwenye sahani."

"Mwezi wa kumi na mbili hamkuniita pembeni, shemeji. Mliniambia mkono wangu ukiwa kwenye sufuria, nawapikia."

Kusema kweli Jeconia hakuwa mtu wa haki kupita wengine. Angeweza kumwacha ndugu yake amrudishe mke Gem na asikose usingizi. Lakini Thika nzima kuambiwa kwamba Jeconia fundi wa boila alikula chakula cha watoto wa ndugu yake, tena siku ya Pasaka, hilo hakuweza kulibeba. Alisimama, akatafuta kofia yake.

"Hakuna atakayepanda treni," alisema. "Na kila aliyenyoosha mkono hapa leo atarudisha, ale asile. Mimi nikiwa wa kwanza. Odhiambo, wewe utarudisha mara mbili."

Waliondoka mapema kuliko walivyopanga, viatu mkononi. Karai la maharagwe lilibaki katikati ya chumba. Boaz alitoka nyuma ya wenzake akakaa bandani na trekta lake mpaka giza. Selpha hakumwaga hata punje. Kukasirika ni jambo moja na kutupa chakula ni jambo jingine. Alipeleka nusu kwa Wakonyo, nusu akaichemsha tena kesho yake na kesho kutwa, na alipomwekea Boaz sahani hakusema karibu.

Wiki ile hawakuzungumza ila kwa kupitia watoto. Mwambie baba maji yako tayari. Muulize mama viatu vyangu viko wapi. Aoko alichoka kubeba maneno, akaenda kulala kwa Wakonyo.

Jumamosi iliyofuata, baada ya posho kugawanywa, wanaume walianza kufika. Mmoja alileta kombe la maharagwe ndani ya leso, mwingine kibuyu, mwingine mfuko wa shati alioutoboa kwa haraka yake akawa anadondosha njia nzima. Walitoa bila kuketi. Jeconia alifika na nusu debe begani, ameyanunua kwa Kiilu kwa bei ya mwezi wa nne, na uso wake ulionyesha jinsi bei ile ilivyomwuma.

"Kumbe ndivyo yalivyo ghali wakati huu," alisema akiyatua.

"Ndivyo," Selpha alisema. "Ndiyo maana nilinunua mwezi wa pili."

Alikuwa amekaa kizingitini, ungo mapajani, na hakupokea kitu kwa kutazama tu. Alitia mkono kila mfuko mpaka chini. Aliuma punje. Yaliyokuwa na unyevu aliyatenga ya kuanikwa, na wenyewe walisimama pale mbele yake kama watoto wanaokaguliwa kucha. Odhiambo alipofika na makombe yake mawili, Selpha aliyamwaga kwenye ungo, akayatikisa mara moja, na vumbi la fukusi likabaki chini.

"Haya wapelekee kuku," alisema.

"Lakini mama Aoko, mimi nilimeza tonge moja tu."

"Lilikuwa zima, halikuwa na wadudu. Lete kama lile."

Odhiambo alizoa maharagwe yake akaenda, na jioni akarudi na mengine mazuri.

Jua lilitoka wiki hiyo, likakaa. Maharagwe yalianikwa juu ya magunia ya Wakonyo, yakageuzwa, yakaumwa tena mpaka yote yakalia ka. Selpha alisafisha vyungu kwa maji ya moto, akavikausha juu ya moshi. Yaliyopatikana, pamoja na yale mazima aliyoyaokoa, yalitosha vyungu viwili, na cha tatu pungufu kidogo ya nusu. Alichanganya majivu, akajaza, akafunika kwa vigae. Kisha alimwita mumewe, na safari hii hakupitia kwa mtoto.

"Nenda zizini kwa Wakonyo ulete kinyesi kibichi."

"Mimi?"

"Wewe ndiye fundi wa kuziba."

Boaz alitazama kofia yake juu ya msumari. Aliiacha palepale. Alichukua karai akapita katikati ya laini, mchana kweupe, wanawake wakiwa milangoni wanachambua mboga na kujitia hawamwoni. Akarudi hivyohivyo, karai limejaa. Selpha alimwekea majivu kando, na Boaz akapiga magoti kwenye kona, nyuma ya pazia, akaanza kukanda kwa mikono miwili.

"Majivu zaidi," Selpha alisema akiwa amesimama juu yake. "Bado kinateleza. Zaidi."

Alikanda. Alipaka mdomo wa chungu cha kwanza, na Selpha akamwambia arudie upande wa nyuma. Alipaka cha pili, akalainisha kwa kiganja mpaka alama za vidole zikapotea. Kile cha nusu alikiziba mwisho, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda. Jasho lilimtoka. Alibaki amepiga magoti, mikono imemchafuka mpaka viwiko, akivitazama vyungu.

"Hivi," aliuliza kwa sauti ndogo, "kitafika Julai?"

Selpha alifunika vyungu kwa gunia, akalikunja pembe vizuri. Hasira yake haikuwa imekwisha, na hakuona sababu ya kudanganya.

"Chakula kitafika," alisema. "Wewe ndiye sijui."